Mama Bukuru Hakuwa Kichaa

Kasulu, usiku wa kuamkia safari yako

Adela mwanangu,

Namsikia shangazi yako Felista chumbani kwako anakupangia mambo. Maji ya Dar uyachemshe. Simu usiitoetoe barabarani. Sweta ulivae, kwa sababu basi litapita Kibondo na Kakonko kukiwa bado na baridi. Yote anayosema ni kweli na anayasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, kwa hiyo sitayarudia. Nimeomba kalamu na mto wa pili wa kuegemea, nikamwambia aniachie taa. Utavumilia mwandiko.

Nina jambo moja la kukuambia, nalo ni la ile nishani.

Jumamosi jioni chama cha marubani kilikuwa kikuite jukwaani uipokee kwa niaba yangu, maana mwili huu hauwezi tena kupanda basi wala ndege. Pamoja na nishani walikuahidi nafasi katika chuo cha urubani, nafasi ambayo humpa mtoto wa rubani waliyemtunuku. Umeshalipiga pasi gauni la kijani. Nilikuona umesimama nalo mbele ya kioo, unajigeuza huku na huku, nikafumba macho kama aliyelala.

Leo mchana nimempigia simu Kapteni Rajabu wa kamati ya chama, nikamwambia siipokei, na wewe huipokei kwa niaba yangu. Nimelifanya hilo kabla ya kukueleza. Sasa nakueleza.

Tangu miguu inikatae, kila alasiri nikisinzia kitanda kinapaa. Sikutanii. Hakuna kelele za injini, hakuna mtikisiko, kinaondoka tu taratibu kama moshi wa jikoni unavyopenya kwenye vigae, na mimi nikiwa nimejifunika blanketi langu. Naliona soko la Kasulu limekuwa dogo kama sahani ya dagaa. Naviona vyumba vya chuo cha ualimu na nguo za wanachuo zimeanikwa. Naifuata barabara nyekundu ya Makere, nyumbani, nauona muhogo umetandazwa juu ya mawe, mweupe, kama watu wameanika mawingu. Mbali kule mabwawa ya Malagarasi yanameta halafu yanazimika, kutegemea jua lilipo. Kila kitu kina ukungu wa majani yaliyochomwa. Najisikia mwepesi, sina maumivu, sina umri.

Lakini kitanda hakinipeleki ninakotaka. Mwisho wake ni mmoja: kile kiwanja cha ndege cha nyasi nje ya Kibondo, ambacho siku hizi kimeshamezwa na mashamba. Naanza kushuka. Naziona nyasi zinakuja. Kabla magurudumu hayajagusa, Felista ananishika bega, ana kikombe cha uji, nami najikuta namshukuru kuliko uji wenyewe unavyostahili.

Wewe hukuwa umezaliwa. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi na vitanda vyao vichwani, makambi yalikuwa yamefurika, na mimi nilikuwa narusha ndege ndogo ya injini moja, naleta dawa, chanjo na wauguzi. Mama yako alikuwa mwalimu katika shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa kile kiwanja.

Kwenye viwanja vya nyasi kazi ina utaratibu wake. Unapita chini kwanza bila kutua, ili watu na ng'ombe watoke. Kisha unazunguka, unatazama tena kama pako wazi, ndipo unatua. Mimi niliongeza langu. Nilipopita juu ya shule nilikuwa nikitikisa mabawa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ilikuwa salamu kwa mama yako. Alikuwa akitoka mlangoni na chaki mkononi, anajifanya kuwakemea watoto wanaokimbilia nje, na mimi kule juu naona weupe wa chaki tu, na unanitosha.

Umekulia mjini, Adela. Salamu zako ni za kupungia mkono juu ya bodaboda. Bibi yako wa Makere hakusalimia hivyo. Akikutana na mtu wa heshima njiani alishusha mzigo, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu, viganja vikiwa vimekunjwa, huku akiuliza habari za nyumba nzima mpaka za mbuzi. Hakuna aliyeondoka kabla ya kumaliza. Kumgeuzia mgongo anayekusalimu lilikuwa tusi. Rajabu, ambaye ukoo wake ulipanda huku kutoka pwani kuja kufungua duka, alikuwa akinitania tukiruka pamoja: "Nyie Waha mkikutana njiani, mgonjwa anayesubiri dawa bora apone mwenyewe." Nilikuwa nacheka.

Watu wa pale Kibondo waliona ndege inawatikisia mabawa. Walijua rubani ni Mha mwenzao, kijana wa Makere. Wangejuaje kwamba salamu ile ilikuwa ya mtu mmoja? Waliipokea kama yao. Kidogo kidogo nikaanza kuona kwamba nikipita chini ili waondoke, wao wanasimama. Wanashusha majembe, wanainama, wanapiga makofi. Niliona, na nilielewa maana yake, kwa sababu nimelelewa na bibi yako. Rubani mgeni angeweza kusema hakuelewa. Mimi nilielewa, na nilifurahi. Kijana wa Makere, na watu wazima wanamwinamia kutoka chini. Nilipaswa kuacha kutikisa mabawa siku ileile. Sikuacha.

Kulikuwa na mjane aliyeishi kando ya kiwanja, Mama Bukuru. Asubuhi ile alikuwa anatoka kijitoni na kikapu cha muhogo uliolowekwa. Kulikuwa na ukungu mwembamba, ule wa huku kwetu ambao haufichi kitu, unakilainisha tu. Nyuma yangu walikuwa wamekaa muuguzi na wenzake wawili. Nikapita chini. Nikatikisa mabawa. Mama yako akatoka mlangoni. Nami, badala ya kuzunguka kwa upana na kukitazama kiwanja upya, nikakata kona fupi, macho yangu yakiwa shuleni.

Niliporudisha macho mbele, Mama Bukuru alikuwa katikati ya nyasi. Kikapu kiko chini kando yake. Ameinama kidogo, mikono kifuani.

Nilikuwa bado na nafasi ya kuongeza moto wa injini, kupaa na kuzunguka tena. Mwanafunzi wa urubani hufundishwa hilo hata kabla hajajua kutua vizuri. Ningelifanya, lakini mama yako alikuwa anatazama, na nilitaka kutua kuzuri. Nikasema moyoni, atakimbia. Adela, hakuna mtu wa pale aliyewahi kuikimbia ndege yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimewazoeza kusimama.

Dakika ya mwisho niliisukuma ndege pembeni. Bawa la kushoto lilimpata. Ndege ikaserereka, ikavunja gurudumu kwenye kichuguu, ikasimama. Muuguzi na wenzake walishuka wazima. Mama Bukuru alifariki palepale.

Walikuja watu kutoka Dar kuuliza. Walikuwa wapole. Walikaa na mimi kwenye baraza la shule, na mama yako akatuletea chai. Mmoja akaniuliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza: "Kapteni, kwa nini yule mama hakukimbia?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikasema, "Nasikia hakuwa timamu."

Sikuwa nimelisikia kwa mtu yeyote. Lilitoka mdomoni kana kwamba mwingine amelitia pale. Wao walitikisa vichwa kwa huruma, maana lilikuwa linaelezea kila kitu, na hawakuijua nchi hii kiasi cha kuuliza zaidi. Mama yako alikuwa bado ameshika birika. Jioni aliniuliza, "Yohana, nani alikuambia hivyo?" Sikumjibu. Hakuuliza tena. Mwaka uliofuata tulioana, tukaishi vizuri, unajua tuliishi vizuri, na hadi tunamzika sikuwa nimemjibu.

Neno lile lilibaki Kibondo likaendelea na kazi. Mimi niliondoka na habari nyingine. Marubani wa Dar waliposimuliana, ukawa ni mkasa wa mtu aliyetua kwenye nyasi zenye maji, mbele yake kichaa amevamia kiwanja, na bado akaokoa abiria wote. Vijana walihadithiwa hivyo darasani. Nilisikia, na mara ya kwanza niliona aibu, mara ya pili kidogo, na baada ya hapo nikawa nasahihisha tu vitu vidogo, kama aina ya ndege.

Tena nikaingizwa kwenye kamati ya kuchagua wa kutunukiwa. Mwaka mmoja lilikuja jina la Kapteni Laurenti. Laurenti alikunywa sana akiwa likizoni, aligombana na wakubwa, na nyumba yake haikuwa na amani. Tukajadili kama chama kinaweza kumpa heshima mtu wa mwenendo ule. Mimi ndiye nilisema haiwezekani. Nilizungumza vizuri sana, mwanangu. Nilisema vijana wanatutazama, na nishani ni somo. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Laurenti alikuwa anangoja nje, akanikuta ngazini.

"Umefagia nyumba leo, kaka?" akaniambia. "Imekuwa safi?"

Nikapita. Alifariki kabla sijapata cha kumjibu.

Unamkumbuka yule baba wa makamo aliyekuja wiki jana na dumu la asali? Ulimpokea vizuri, ukamwekea chai, ukaenda sokoni. Yule ni Bukuru, mtoto wa yule mama. Alikuwa amesikia redioni kwamba rubani wa Kasulu anatunukiwa, na kutua kwa siku ile kukatajwa. Alipanda basi kutoka Kibondo. Alisimama mlangoni, "Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, kisha akapiga makofi na kuuliza habari zangu zote, za ugonjwa, za watoto, za mvua, na mimi nikaitikia moja baada ya nyingine nikiwa nimelala, jasho linanitoka. Ndipo akakaa.

"Mzee, redio inasema ulitua vizuri siku ile."

"Inasema."

"Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nalima upande wa kijito. Mama alikuwa anakuitikia salamu."

"Najua."

"Unajua." Akanywa chai yake. "Basi umejua siku nyingi."

Nikamwambia, "Sema unachotaka, mwanangu. Sina nguvu nyingi, lakini sema."

"Sijaja kudai. Asali ni kwa sababu mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu." Akaweka kikombe chini. "Dada yangu aliposwa, waliomposa wakarudi kwao wakasema kwetu kuna kichaa kwenye damu. Akaposwa tena, ikawa vilevile. Watoto wangu wakikosea shuleni wanaambiwa ni kichaa cha bibi yao. Mimi nilitaka kujua kitu kimoja. Ulipolisema lile neno, uliliamini?"

"Sikuliamini."

Nilidhani atasimama anipige, na ningemwelewa.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa naogopa labda ni kweli, na sisi ndio hatukumjua mama yetu."

Adela, nimeishi na hatia miaka mingi nikidhani naijua ilivyo. Kumbe nilikuwa naiangalia kutoka juu, kama unavyoangalia kijiji, unaona vigae. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto kule chini aliyekuwa akimtilia shaka mama yake kwa sababu yangu.

Kabla hajaondoka nilimuuliza tena kama kuna jambo nifanye. Akasema, "Sisi nyumbani tunajua. Wao wanaokupigia makofi ndio hawajui."

Ndipo nikampigia Rajabu. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yohana, homa imepanda?"

"Haijapanda."

"Kadi zimeshachapwa, sheikh wangu. Ukumbi uko tayari."

"Chapeni nyingine."

"Hivi nani hana lake? Mimi mwenyewe nimewahi kutua na mafuta yamebaki harufu tu, na nikawaambia abiria ni upepo. Tukianza kupekuana tutamvisha nani? Tutaivisha ile soksi ya kuonyeshea upepo uwanjani?"

"Tulimpekua Laurenti."

"Laurenti alikuwa mlevi."

"Laurenti hakumuua mtu, Rajabu. Wala hakumsingizia maiti."

Nilimsikia anavuta pumzi. Yeye naye alinyoosha mkono siku ile.

"Na mtoto?" akauliza. "Ile nafasi yake inakwenda na nishani. Nikipeleka habari kwamba umekataa, mimi sina la kumsaidia."

"Najua."

"Umemwambia?"

"Leo usiku."

"Ungetangulia kufa, ndugu yangu, sisi tukakuvisha kwa raha zetu." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Haya. Niwaandikie nini kamati?"

"Andika kwamba Mama Bukuru alikuwa timamu. Andika kwamba nilipita juu yake nikitikisa mabawa, naye akasimama kuitikia. Yasomwe ukumbini, Jumamosi, palepale ambapo mngenipigia makofi."

Akaandika, akanisomea. Nikamsahihisha mahali alipoweka "inasemekana." Akalifuta.

Usije ukadhani nataka chama kiwavishe watakatifu peke yao. Hakuna watakatifu wanaorusha ndege. Mtu mtakatifu angekaa nyumbani. Mimi nililala kwenye viti vya ndege nikilinda masanduku ya chanjo yasipate joto, na hilo sitalikana hata kwa unyenyekevu. Wangetaka kunipongeza kwa yale masanduku, na palepale wakalitaja jina la Mama Bukuru na lililompata, huenda ningekubali, na huenda Laurenti naye angepaswa kupewa yake, pamoja na chupa zake. Mtu anaweza kuheshimiwa na kulaumiwa ndani ya ukumbi mmoja. Watu wazima wanaweza kusikia yote mawili. Nishani hii lakini inamhitaji yule mama abaki kichaa ili mimi nibaki hodari. Na kijana anayesikiliza nyuma ya ukumbi atakwenda nyumbani akijua kutua kwangu, asijue kwamba jibu sahihi lilikuwa kutotua.

Hilo ndilo ningependa ulijue kuliko nilivyolijua mimi. Kama utakuwa rubani, kwa njia hii au nyingine, itakuja siku utakapokuwa karibu na ardhi, kila kitu kinaonekana sawa, kuna watu wanakutazama, na kitu kidogo ndani kitakuambia upae uzunguke tena. Abiria watanung'unika. Mkuu wako atauliza umechoma mafuta kwa nini. Hakuna chama kitakachokuita jukwaani kwa sababu ya kutua ulikoghairi. Wewe ghairi tu. Nimesikia vijana wakisifu marubani kwa jinsi wanavyotua. Mimi sasa nikimsikia rubani anasifiwa huwa nataka kuuliza amewahi kughairi mara ngapi.

Najua nimekunyang'anya. Nafasi ile ulikuwa unaiota tangu ukiwa mdogo, ukinilazimisha nikutajie majina ya saa zote za vipimo zilizokuwa mbele ya kiti cha rubani. Utaomba kama wanavyoomba watoto wa watu wengine, na huenda usipate. Huenda ukakaa kwa binamu yako Dar, unafanya vibarua na kungoja majibu, unanichukia kila asubuhi. Sitakuambia kwamba yatakuwa mema. Sijui.

Na sikukuuliza. Nimelifikiria sana hilo. Ningekuuliza, ungelazimika kuchagua, na ungechagua nishani, lile neno lingekuwa lako pia. Ungeikataa, ungebaki unahesabu ulivyojitoa kwa ajili yangu. Mama Bukuru alibeba lawama iliyokuwa yangu. Sikutaka uwe wa pili. Kama nimekosea hapa, ni kosa langu jipya, na hili angalau unalijua likiwa bado bichi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia Felista aifiche barua hii katikati ya nguo zako, uione ukiwa umeshapita Nyakanazi, mbali, usipoweza kurudi. Nilishaona jinsi ambavyo ingekuwa: wewe dirishani na karatasi, mimi huku kitandani nimemaliza, pengine nimeshapaa na kile kitanda changu na sishuki tena. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona kwamba hivyo ndivyo nilivyowafanyia mama yako, na Laurenti, na watu wa Kibondo. Kila mmoja nilimwachia neno nikaondoka.

Kwa hiyo namwita Felista sasa akuletee, ungali ndani ya nyumba hii na basi halijafika. Isome yote. Safari ya kesho ni yako, uende au uahirishe. Ukiwa na la kuniambia, hata kama ni baya, njoo uniambie nikiwa nakutazama. Nimeketi, na sijalala. Usibishe hodi.

Baba yako,
Yohana